Ajali ya Embakasi, 1974: kwa nini ndege kubwa yenye injini nzima ilishindwa kupanda

Jumatano tarehe 20 Novemba 1974, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, ndege ya abiria aina ya Boeing 747 ilianza kukimbia kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Embakasi, Nairobi. Ilikuwa ndege ya shirika la Lufthansa la Ujerumani Magharibi, safari namba 540. Ilikuwa imetoka Frankfurt, ikatua Nairobi, na sasa ilikuwa inaelekea Johannesburg, Afrika Kusini. Ndani yake walikuwamo watu 157: abiria 140 na wafanyakazi wa ndege 17.

Ndege iliacha ardhi, lakini haikupanda. Ilifika kimo cha mita 30 hivi, ikaanza kushuka tena, ikagusa nyasi na vichaka kiasi cha mita 1,120 baada ya mwisho wa njia ya kurukia. Iliserereka, ikagonga tuta la barabara, ikakatika vipande na kushika moto. Watu 59 walikufa. Watu 98 walinusurika.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Boeing 747 kuanguka na kuua abiria, karibu miaka mitano tangu ndege za aina hiyo zianze kubeba watu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba injini zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Hakukuwa na dhoruba wala bomu, na bawa halikukatika. Basi ni nini kilichoiangusha?

Katika makala haya tunaeleza kisa hicho hatua kwa hatua. Msikilizaji, huhitaji kuwa umesomea ufundi wa ndege ili kukifuata. Mambo mengi yaliyomo unayaona nyumbani na shambani kwako.

Bawa hubebaje ndege?

Kama umewahi kubeba bati la kuezekea siku ya upepo, tayari unajua nusu ya somo. Bati likilala sawasawa, upepo hupita juu na chini bila kukusumbua. Ukiliinua kidogo upande wa mbele, upepo unalishika na kutaka kulichukua pamoja na wewe. Bawa la ndege hufanya kazi kwa namna hiyo. Injini kazi yake ni kuisukuma ndege mbele, ili hewa ipite kwa kasi kwenye mabawa. Mabawa ndiyo yanayoibeba.

Kadiri ndege inavyokwenda kasi, ndivyo bawa linavyobeba uzito mkubwa zaidi. Ndege ikiwa juu angani na kasi yake kubwa, bawa jembamba na laini linatosha. Taabu iko wakati wa kuruka na wakati wa kutua, kwa sababu hapo kasi ni ndogo na uzito ni uleule. Boeing 747 ikijazwa watu, mizigo na mafuta huweza kupita tani 300. Bawa linalofaa kwa kasi kubwa angani haliwezi peke yake kuinua mzigo huo kwa kasi ya kwenye njia ya kurukia.

Ndiyo maana mabawa ya ndege kubwa hubadilika umbo. Ukikaa dirishani karibu na bawa utaona kabla ya kuruka vibao vinatoka taratibu nyuma ya bawa na kuinamia chini. Abiria wengi huviona hivyo vya nyuma. Lakini kuna vibao vingine vinavyofunguka upande wa mbele wa bawa, kwenye ukingo unaokutana na upepo kwanza. Kwenye Boeing 747 vibao hivyo vya mbele ni 26, yaani 13 kwa kila bawa.

Kazi ya vibao vya mbele ni ipi? Tazama maji yanavyopita kwenye mfereji wa kumwagilia. Mfereji ukipinda polepole, maji yanaufuata. Ukipinda ghafla, maji yanaacha ukingo na kuanza kuzungukazunguka. Hewa nayo ni hivyo. Rubani anapoinua pua ya ndege ili iruke, hewa inalazimika kupinda sana ili kupita juu ya bawa. Vibao vya mbele hulifanya pindo hilo kuwa la polepole, hewa ikaendelea kulishika bawa. Vikiwa vimefungwa, hewa hubanduka mapema, inaanza kuzunguka na kutetemesha ndege, na bawa linapoteza nguvu ya kubeba.

Ndege wa porini wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mtazame mwewe anapotua mtini: hutandaza mabawa na mkia, na manyoya machache kwenye ukingo wa mbele wa bawa husimama. Akiwa juu anaelea kwa kasi, manyoya hayo hulala.

Hewa inayofungua vibao

Sasa tuingie kwenye mtambo wenyewe, maana hapo ndipo ajali ya Embakasi ilipoanzia.

Kwenye Boeing 747 rubani ana mkono mmoja wa kuamuru vibao vyote. Akiuvuta mkono huo, vibao vya nyuma na vya mbele vinapaswa kutoka. Hata hivyo vinaendeshwa kwa nguvu mbili tofauti. Vya nyuma vinaendeshwa na mota za haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba kwa nguvu kubwa, kama yale yanayonyanyua tela la trekta. Vya mbele vinaendeshwa na mota zinazozungushwa na hewa iliyogandamizwa.

Hewa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye injini zenyewe. Injini ya jeti humeza hewa kwa mbele na kuigandamiza kabla ya kuichoma pamoja na mafuta. Sehemu ya hewa hiyo iliyogandamizwa huchotwa na kupitishwa kwenye mabomba kwa kazi nyingine: kuwapa abiria hewa ya kupumua huko juu, kuzuia barafu, na kwenye 747, kuzungusha mota za vibao vya mbele.

Kati ya injini na mabomba hayo kuna valvu. Fikiria tangi la maji juu ya mnara na bomba linaloshuka hadi shambani. Tangi linaweza kujaa hadi kufurika, lakini koki ikifungwa, shamba halipati tone. Valvu za hewa za 747 zilifungwa na kufunguliwa kwa swichi zilizokuwa mbele ya mhandisi wa ndege. Wakati ule chumba cha marubani cha ndege hiyo kilikuwa na watu watatu: rubani mkuu, rubani msaidizi, na mhandisi aliyekaa nyuma yao akitazama ukuta mzima wa saa, taa na swichi.

Baada ya injini kuwashwa na kabla ya kuruka, valvu zile zilipaswa kuwa wazi. Ilikuwa sehemu ya orodha ya ukaguzi, yaani ile orodha ambayo wafanyakazi wa ndege huisoma kwa sauti na kujibizana jambo kwa jambo, ili kitu kisisahaulike.

Asubuhi ile valvu zilibaki zimefungwa. Mkono wa kuamuru vibao ulipovutwa, vibao vya nyuma vilitoka kwa sababu mafuta ya haidroliki yalikuwapo. Vya mbele havikutoka, kwa sababu hewa haikufika kwenye mota zake. Ndege ilikuwa tayari nusu, na watu watatu waliokuwa mbele hawakujua.

Kwa nini iliacha ardhi, kisha ikashindwa?

Mtu anaweza kuuliza: kama bawa halikuwa tayari, iliwezaje kunyanyuka hata hizo mita 30?

Jibu la kwanza ni ardhi yenyewe. Ndege ikiwa chini sana, hewa iliyo kati ya bawa na ardhi huisaidia, kama godoro lililotandikwa chini yake. Msaada huo hupungua ndege inapopanda, na kwa ndege kubwa huisha kabisa ikifika kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake. Mabawa ya 747 ya wakati ule, toka ncha hadi ncha, yalikuwa karibu mita 60. Kwa hiyo ndege ilibebwa ilipokuwa bado karibu na ardhi, na ilipojaribu kuliacha lile godoro, nguvu haikutosha.

Jibu la pili ni mahali. Uwanja wa Embakasi, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wasikilizaji wa nyanda za juu wanajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva kwao kuliko kwa watu wa pwani. Sababu ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi, inakandamiza maji kidogo, nayo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hewa hiyo nyepesi ndiyo inayopaswa kubeba ndege. Kwenye kimo cha Nairobi, hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa au Dar es Salaam, kama joto la kila mahali ni la kawaida kwa kimo chake. Bawa linapata kitu kidogo cha kuegemea, na injini nazo zinapata hewa kidogo ya kuchoma. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ilijengwa ndefu, zaidi ya kilometa 4.

Urefu huo ulitosha ndege kupata kasi iliyopangwa. Lakini kasi iliyopangwa ilihesabiwa kwa bawa lenye vibao vyote 26 vikiwa wazi.

Marubani walihisi nini?

Mara tu baada ya ndege kuacha ardhi, marubani waliona inatetemeka. Tetemeko hilo lingeweza kuwa na maana nyingi. Rubani aliyekuwa anaendesha alidhani huenda magurudumu yanazunguka vibaya, na magurudumu yakapandishwa. Lilikuwa wazo la kawaida kabisa kwa mtu aliyeamini kwamba mabawa yake yako sawa. Kumbe tetemeko lilitoka kwenye hewa iliyokuwa inabanduka juu ya mabawa.

Kisha usukani ukaanza kutikisika. Kwenye ndege kubwa kuna mtambo maalumu unaotikisa usukani mikononi mwa rubani ili kumwonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba. Dawa ya kawaida ya hali hiyo ni kushusha pua ili ndege ipate kasi. Mtu aliye mita 3,000 juu ana nafasi ya kufanya hivyo. Aliye mita 30 juu ya nyasi hana.

Kutoka kunyanyuka hadi kugusa ardhi tena zilikuwa sekunde chache tu. Katika muda huo watu watatu walitakiwa watambue kwamba vibao wasivyoweza kuviona kutoka viti vyao havikufunguka, wafungue valvu, hewa ijae kwenye mabomba, na mota zizunguke hadi mwisho. Nafasi ya kufanya yote hayo haikuwapo.

Ndege ilishuka kwa nyuma kwanza, ikaserereka, na baada ya mita 114 hivi ikakuta barabara iliyojengwa juu ya tuta. Hapo ndipo ilipovunjika. Mafuta yalimwagika kutoka bawa la kushoto, moto ukawaka na kuingia kwenye bodi. Kati ya waliokufa, 55 walikuwa abiria na wanne wafanyakazi wa ndege.

Wachunguzi wa Afrika Mashariki

Kwa sheria za kimataifa, nchi ambamo ajali imetokea ndiyo inayoongoza uchunguzi. Mwaka 1974 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado na mashirika ya pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Mambo ya usafiri wa anga yalikuwa mikononi mwa Jumuiya hiyo. Kwa hiyo ripoti ya ajali ya kwanza ya vifo ya Boeing 747, ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani wakati ule, iliandikwa na wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mabaki yalikuwa na ushahidi mkubwa: vibao vya nyuma vilikuwa wazi, vya mbele vimefungwa. Kutoka hapo wachunguzi walifuata njia ya hewa kurudi nyuma, kutoka kwenye mota hadi kwenye mabomba, kutoka kwenye mabomba hadi kwenye valvu, na kutoka kwenye valvu hadi kwenye swichi.

Ripoti yao ilisema mambo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza: wafanyakazi wa ndege hawakukamilisha ukaguzi wao inavyotakiwa. Swichi zilisahauliwa, na waliosoma orodha hawakuligundua kosa. La pili: ndege yenyewe haikuwa na mfumo wa kutosha wa kuwaonya. Chumba kile kilikuwa na taa ndogo za kuonyesha hali ya vibao, katikati ya taa na saa nyingine nyingi. Lakini rubani alipoongeza nguvu ya injini ili aruke, hakikulia king'ora chochote cha kumwambia: simama, mabawa yako hayako tayari.

Ni kosa la nani?

Watu wakisikia ajali hutafuta mtu mmoja wa kulaumiwa. Hapa jibu rahisi ni mhandisi, kwa kuwa swichi zilikuwa mbele yake. Ukiishia hapo, suluhisho lako litakuwa kumwondoa mhandisi huyo na kuweka mwingine. Lakini yule mwingine naye ni binadamu. Naye atalala vibaya siku moja, naye ataitwa na mtu katikati ya kusoma orodha, naye atatazama taa aliyoizoea na kuona kile alichotarajia kukiona.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Kabla ya Nairobi, ndege nyingine za Boeing 747 zilikuwa zimewahi kuruka bila vibao vya mbele kufunguka kwa sababu ya hewa hiyohiyo. Marubani wake walifanikiwa kuokoa ndege. Hawakuwa kwenye uwanja wa juu kama Nairobi, kwa hiyo hewa nzito ya mahali walipokuwa iliwapa nafasi ya kukosea na kusahihisha.

Matukio hayo yalikuwa onyo. Yalionyesha kwamba kosa hilo linaweza kufanywa na wataalamu waliofunzwa vizuri, na kwamba ndege haiwazuii. Kilichohitajika ni kila shirika lenye 747 lijue, na king'ora kiwekwe. Lakini tukio lisiloua mtu halipigi kelele kubwa. Lilizungumzwa na wachache, na marubani wa safari 540 walianza kukimbia Embakasi wakiwa na ndege isiyo na onyo la kutosha.

Baada ya watu 59 kufa, marekebisho yalifanyika. Boeing iliongeza mitambo ya kuwaonya marubani kabla ya kuruka iwapo vibao vya mbele havijafunguka. Kuanzia hapo, aliyesahau alikuwa na mashine ya kumkumbusha angali chini, wakati bado anaweza kupunguza nguvu, kusimama na kurudi.

Johannesburg, 2009: kisa kinachofanana

Miaka 35 baadaye mabawa ya 747 nyingine yalipatwa na jambo la kufanana na hilo, safari hii kwa njia tofauti. Tarehe 11 Mei 2009, Boeing 747-400 ya British Airways ilikuwa inaondoka Johannesburg kwenda London. Uwanja wa Johannesburg uko juu zaidi hata ya Nairobi, karibu mita 1,700.

Ndege hiyo ilikuwa mpya zaidi. Haikuwa tena na mhandisi; kompyuta zilikuwa zimechukua kazi zake nyingi. Vibao vya mbele vilifunguka vizuri, na marubani wakaanza kukimbia. Karibu na wakati wa kunyanyua pua, vingi vya vibao hivyo vikajifunga vyenyewe.

Sababu ilikuwa hii. Ndege ikitua, vifuniko vya injini husogea ili upepo wa injini urushwe mbele na kusaidia breki. Upepo huo ungepiga vibao vya mbele na kuvichosha, kwa hiyo wabunifu walipanga kwamba vifuniko vikisogea, vibao vijifunge. Siku ile, ndege ikiwa bado inakimbia ili iruke, mfumo ulipokea taarifa kwamba vifuniko vya injini mbili vimesogea. Mashine ikafanya ilivyoagizwa: ikafunga vibao, katika dakika mbaya kuliko zote.

Usukani ulitikisika kama ule wa Embakasi. Rubani msaidizi, aliyekuwa anaendesha, aliishika ndege kwa uangalifu mkubwa: hakulazimisha pua juu, aliiacha ipate kasi karibu na ardhi huku rubani mkuu akimtajia kimo walichofikia. Baada ya ndege kuwa angani, vibao vikafunguka tena, ndege ikapanda. Walimwaga mafuta ili kupunguza uzito, wakarudi kutua salama. Hakuna aliyekufa.

Tofauti kubwa na miaka ya 1970 ni kilichofuata. Tukio hilo lisiloua mtu lilichunguzwa kana kwamba limeua. Ripoti iliandikwa na kutolewa kwa umma, na mfumo wa ndege za aina hiyo ukabadilishwa ili vibao visijifunge ndege inapokuwa inaruka. Haikungojewa ajali ya pili.

Maana yake kwa msafiri

Huenda unasoma haya kwenye simu na bado hujapanda ndege, au una ndugu anayesafiri kwenda kazini Ghuba, au unajiandaa kwa Hija. Usiogope kwa sababu ya kisa hiki. Usafiri wa ndege leo ni salama kuliko mwaka 1974, na sababu moja kubwa ni kwamba ripoti kama ile ya Embakasi husomwa duniani kote na kugeuzwa kuwa kanuni na mitambo.

Yapo mambo machache unayoweza kuyafanya mwenyewe. Wahudumu wanapoonyesha milango ya dharura, sikiliza hata kama wengine wanalala. Hesabu safu za viti kutoka ulipokaa hadi mlango ulio karibu, mbele na nyuma, kwa sababu moshi ukiingia hutaona. Utapapasa viti kwa mkono. Ndege ikisimama kwa dharura, acha mizigo. Kwenye ajali kama ile ya Embakasi, ambapo ndege imekatika na moto unakimbia, begi moja kwenye ujia linaweza kuwazuia watu wote walio nyuma yako. Na ukiona kitu cha ajabu dirishani, mwambie mhudumu. Hatakucheka, na hata akicheka, hujapoteza kitu.

Kuna na jambo ambalo halihitaji tiketi. Mkanda wa mashine ya kusaga unaruka na kupita karibu na kichwa cha mtu. Tunasema Mungu ametunusuru, tunaurudisha, kazi inaendelea. Breki za basi la kijiji zinakataa mteremkoni, dereva analipunguza mwendo kwa gia, abiria wanashuka wakimsifu ni fundi. Bodaboda inazimika katikati ya barabara kuu, lori linampisha, mwenyewe anaisukuma pembeni akicheka. Tunahesabu kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyeumia.

Marubani waliookoka kabla ya Embakasi nao hawakuumia. Valvu ileile iliyowaponyoka wao ndiyo iliyofungwa asubuhi ile Nairobi, kwenye hewa nyepesi isiyosamehe. Kwa hiyo likikuponyoka jambo la namna hiyo, mwambie mwenye mashine, mwenye basi au fundi siku hiyohiyo, na umweleze lilivyotokea bila kuficha kosa la mtu yeyote, hata lako. Huenda atakayekuja kuitumia mashine hiyo kesho asubuhi asiwe na bahati uliyokuwa nayo wewe.